Vijana wa Visiwani na milango ya uofisa wa wanamaji

Kila linapotoka tangazo la kuandikisha vijana jeshini, katika baraza zetu za Unguja na Pemba huzuka mambo mawili. Vijana hufurahi, na wazee wao huanza kuulizana nani anamjua nani. Usiku huohuo majina ya wakubwa hutajwa, simu hupigwa, na watu ambao hawajaonana tangu maziko ya mwaka juzi hukumbukana kuwa ni jamaa. Tangazo lenyewe, ambalo limeandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani, husomwa na wachache.

Hivi karibuni alinijia tawini mzee mmoja wa Kojani, mvuvi aliyekula chumvi nyingi, amefuatana na kijana wake. Mzee huyu amekwenda dago tangu ujana wake. Amelala Mafia, Tanga na pwani ya Kenya, na mkondo wa Pemba anaujua kama aujuavyo ukumbi wa nyumba yake. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali aliniambia: "Mwanangu, wewe ndiwe mtu wetu wa Chama. Huyu nduguyo anataka kuwa mkubwa katika manowari, si wa kupiga deki. Basi tuandikie karatasi tuipeleke kwa wahusika." Nilimjibu kwamba hapana karatasi yangu iwezayo kumfanya mtu ofisa. Hakuniamini. Nadhani alifikiri nataka chai.

Ndipo ikabainika kuwa mzee amekwisha kuuza mashine ya boti lake. Fedha alimpa mtu mmoja wa mjini aliyemwambia kuwa nafasi ya uofisa wa wanamaji ina bei yake, na kwamba bei hiyo hulipwa nusu kabla na nusu baada. Mtu huyo sasa hapokei simu. Jeshi la Wananchi wa Tanzania limetangaza mara nyingi kuwa nafasi zake haziuzwi na kuwa wananchi wajihadhari na matapeli; lakini tangazo la kukanya utapeli halimfikii mtu asiyejua njia ya halali ni ipi. Mtu asiyeujua mlango atamlipa yeyote amwonyeshaye dirisha.

Kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu wangu, kama mtu niliyepata darasa la maalimu na la serikali, na kama kada ambaye wazee humjia kutaka karatasi, kulieleza jambo hili kwa mapana yake.

Kwanza yafaa ieleweke ofisa ni nani. Ofisa ni mtu aliyepewa kamisheni, yaani aliyekabidhiwa kwa mamlaka ya dola amri juu ya watu na chombo. Baharia hodari aweza kukijua chombo kuliko ofisa wake, na hutokea. Lakini panapokuwa na jambo la kuamua, kugeuza au kuendelea, kufyatua au kutofyatua, jibu hutakiwa kwa mwenye kamisheni, naye ndiye atakayeulizwa chombo kikipotea. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kuwa uongozi ni amana, na kwamba amana ina siku yake ya kuulizwa. Basi namna mtu anavyofika kwenye amri hiyo si suala la ajira peke yake. Ni suala la nani ataaminiwa roho za watu katika maji yenye kina.

Mababu zetu walikuwa na njia yao moja, nayo ilikuwa ndefu. Mtoto aliingia chomboni akiwa wa kuteka maji na kupika. Akipevuka akawa baharia, akajifunza kamba na tanga, kisha akawa serahangi, na mwenye akili na subira ndiye aliyefika kuwa nahodha, mwenye kujua nyota, misimu na miamba. Si kawaida ya kada wa Chama chetu kusifu mambo ya zama za masultani, lakini haki isemwe: mwaka 1840 chombo Sultana, kilichoundwa Bombay, kilitoka Unguja kikafika New York, kikiwa na Ahmad bin Naaman aliyepelekwa na Seyyid Said. Safari ile, pamoja na kuwa alichukuliwa Mwingereza mmoja wa kuongoza njia, iliwategemea mabaharia wa pwani hizi waliolelewa chomboni. Chuo cha Kurani nacho kilikuwa na daraja zake za namna hiyo. Aliyeanza na alifu huweza kuwa khalifa wa maalimu wake, akawasomesha wadogo, na hatimaye akafungua chuo chake. Hapana aliyeletwa kutoka nje akakalishwa juu ya mkeka wa maalimu kwa sababu ya jina la baba yake.

Waingereza, ambao ndio waliotuachia sehemu kubwa ya desturi za wanamaji katika Afrika Mashariki, walihangaika na swali hili kwa zaidi ya miaka mia tatu. Inafaa tuyatazame mahangaiko yao, maana ndani yake mna hoja zetu zote za barazani. Zamani kijana aliingia manowari kwa kuchukuliwa na kapteni, kama mtumishi wake kwa jina, ilhali kwa kweli ni mwana wa rafiki au jamaa. Mwaka 1677 Samuel Pepys, katibu wa mambo ya wanamaji, aliweka mtihani wa luteni: mtu asipate cheo hicho mpaka awe amekaa baharini kwa muda uliowekwa na amejibu maswali ya unahodha mbele ya makapteni. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Katika jeshi lao la nchi kavu cheo cha uofisa kiliweza kununuliwa kwa fedha mpaka mwaka 1871, ilhali kwa wanamaji hakikuuzwa, kwa kuwa mwenye fedha asiyejua mwamba huzama pamoja na wenziwe maskini.

Hata hivyo mtihani haukuua kimemo. Nelson, ambaye Waingereza wanamhesabu kuwa shujaa wao mkubwa wa bahari, aliingia manowari mwaka 1771 akiwa na umri wa miaka 12, katika chombo alichokiamuru mjomba wake. Alipofanya mtihani wa luteni mwaka 1777, mmoja wa waliokaa kumtahini alikuwa mjomba huyohuyo, na umri wake haukuwa umefika miaka 20 iliyotakiwa kisheria. Mtetezi wa vimemo atasema, "Unaona? Kimemo kilimleta Nelson." Mimi nasema kilimleta Nelson mmoja, na hatuna orodha ya wapwa wengine walioletwa kwa njia hiyohiyo wakavipanda vyombo miambani. Tena Nelson alikuwa amekwisha kukaa baharini miaka mingi kabla ya kuulizwa swali la kwanza. Wapwa wa siku hizi hutaka kuulizwa kabla ya kulowa.

Wakati huohuo palikuwa na mlango mwingine, mwembamba. James Cook alikuwa mtoto wa kibarua wa shamba. Alijifunza ubaharia katika vyombo vya makaa vya Whitby, akajiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1755 kama baharia wa kawaida, miaka miwili baadaye akafuzu kuwa bingwa wa kuongoza chombo, lakini kamisheni ya luteni hakuipata mpaka mwaka 1768, akiwa karibu na miaka 40, alipopewa Endeavour kwenda bahari za kusini. Ramani alizochora mtu huyu zilitumika kwa vizazi baada yake. Fikiria kama mlango ule ungalifungwa kabisa.

Nao baadaye karibu ufungwe. Katika karne ya 19 mabaharia wa chini ya sitaha waliofika uofisa walikuwa wa kuhesabika. Chuo cha Dartmouth, kilichofunguliwa mwaka 1905, kilikuja kupokea watoto wa miaka 13, na wazazi walilipa ada. Maana yake ni kwamba ofisa alichaguliwa akiwa bado mtoto, kutoka nyumba yenye uwezo, kabla mtu yeyote hajajua kama ana moyo wa bahari. Ilipofika mwaka 1912 ndipo ulipowekwa utaratibu maalumu wa kuwapandisha mabaharia vijana kuwa maofisa, na mwaka 1913 wakaanza kuchukua pia vijana wa miaka 18 waliomaliza skuli. Umri wa Dartmouth ulipandishwa kuwa 16 mwaka 1948, ukawa 18 mwaka 1955. Taifa lililojivunia bahari kuliko mataifa yote lilichukua muda wote huo kukubali kuwa mtoto wa mvuvi aweza kuongoza manowari.

Wamarekani nao wana hadithi yao, na ni chungu zaidi. Chuo chao cha Annapolis kilianzishwa mwaka 1845, lakini mtu mweusi wa kwanza kuhitimu alikuwa Wesley Brown, mwaka 1949. Kabla yake, mwanzoni mwa mwaka 1944, mabaharia weusi 16 walikusanywa katika kambi ya Great Lakes kufunzwa uofisa peke yao. Walifaulu kwa alama za juu hata wakubwa wakashuku, wakarudishwa kufanya tena baadhi ya mitihani; wakafaulu tena. Pamoja na hayo ni 13 tu waliopandishwa, 12 wakiwa maofisa wa kamisheni na mmoja ofisa wa hati. Wanawake hawakuingia Annapolis mpaka mwaka 1976.

Kutoka huko tuje kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza waliunda Jeshi la Wanamaji la Afrika Mashariki, makao yake Mombasa. Gharama zake zilibebwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, yaani karafuu zetu nazo zilichangia. Maofisa walikuwa Wazungu. Waafrika walikuwa mabaharia. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, na lilipovunjwa hapakuwapo Mswahili wa kukabidhiwa chombo. Ndiyo maana Kenya, iliyoanzisha jeshi lake la wanamaji tarehe 12 Desemba 1964, ilibaki na kamanda Mwingereza mpaka mwaka 1972, ndipo uongozi ukashikwa na Mkenya.

Tanganyika ililipa gharama ya jambo hili kwa namna nyingine. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Malalamiko yao yalikuwa mawili: mshahara, na maofisa wa Kiingereza kuendelea kuwa juu yao miaka miwili baada ya uhuru. Serikali ilitikisika hata ikalazimika kuwaita makomandoo wa Kiingereza kuuzima uasi. Simhimidi muasi, aliyeshika bunduki dhidi ya serikali ya wananchi hana utetezi. Lakini kiongozi mwenye busara asiyesahau Januari ile atajua kuwa swali la nani anaweza kuwa ofisa, likiachwa bila jibu lenye kueleweka, huweza kulipuka.

Jeshi la Wananchi lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964 lilijengwa upya, na vijana wengi walitoka katika jumuiya za vijana za TANU, na hapa Visiwani wakatoka katika wapiganaji wa Mapinduzi na vijana wa ASP. Kwa China likapatikana tawi la wanamaji mwanzoni mwa miaka ya 1970: kituo cha Kigamboni, boti za mizinga za aina ya Shanghai, na mafunzo. Katika miaka ile kadi ya Chama ilikuwa sehemu ya sifa za askari. Lilikuwa na sababu zake, kwa kuwa jeshi lililorithiwa lilikwisha kuonyesha hatari yake. Lakini hali hiyo ilikoma mwaka 1992 vilipokuja vyama vingi, na Katiba ikakataza askari kuwa mwanachama wa chama chochote cha siasa. Basi imepita zaidi ya miaka 30, na bado wananchi hutujia makada wakiamini tuna ufunguo. Sisi wenyewe tuna lawama yetu. Wapo miongoni mwetu wanaopenda kuonekana wanao ufunguo, hata kama mfuko wao ni mtupu. Huandika karatasi, hupiga muhuri, na kijana huibeba mpaka ilainike mfukoni kama kitambaa. Karatasi hizo zikome.

Sasa milango ya leo ni ipi? Nitaieleza kama ilivyo kwa desturi, na masharti madogomadogo, hasa umri na alama, mtu ayasome katika tangazo la mwaka wake, kwa kuwa hutofautiana kwa elimu ya mwombaji.

Ulinzi ni jambo la Muungano tangu mwaka 1964. Kwa hiyo wanamaji ni kamandi ya Jeshi la Wananchi, na uofisa wake ni uofisa wa jeshi hilo. Vijana wengi huanzia Jeshi la Kujenga Taifa, au hapa kwetu Jeshi la Kujenga Uchumi, ambako hupimwa nidhamu na afya. Ikumbukwe kuwa mafunzo ya lazima ya JKT kwa wanaomaliza kidato cha sita yalisimamishwa mwaka 1994 yakarejeshwa mwaka 2013. Kutoka huko wengine huandikwa kuwa askari. Askari mwenye elimu na mwenendo mzuri aweza kuchaguliwa kwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi cha Monduli akiwa ofisa mwanafunzi, na akihitimu hutunukiwa kamisheni kwa cheo cha luteni usu. Huo ndio mlango wa kutoka chini. Wa pili ni wa wasomi na wataalamu, wahandisi, madaktari na wenzao, wanaotakiwa na jeshi kwa taaluma zao. Nao pia hupita mafunzo ya uofisa, asidhani mtu kuwa shahada humwepusha na gwaride. Monduli yenyewe siku hizi hutoa shahada ya sayansi ya kijeshi. Wa tatu ni wa maofisa wanafunzi wanaopelekwa vyuo vya nchi rafiki, wakarudi na fani ambazo hazifundishwi hapa. Mlango huo hauombwi kutoka mtaani. Mtu hupelekwa akiwa tayari ndani.

Mbali na hayo tunacho Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, ambacho watu wetu wengi hukichanganya na wanamaji wa Muungano kwa kuwa wote huvaa nyeupe na wote wana boti. KMKM ni Idara Maalum ya Serikali ya Mapinduzi, iliyotajwa katika Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, ina uandikishaji wake na vyeo vyake. Kijana aliyekosa huku anaweza kujaribu kule, lakini asipeleke barua ya huku kule akashangaa harudishiwi jibu.

Upo pia ubaharia wa biashara, unaofundishwa katika Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, wenye vyeti vinavyotambuliwa duniani kwa mkataba wa mwaka 1978 wa mafunzo ya mabaharia. Cheti hicho si kamisheni. Lakini serikali yenye macho haiwapuuzi watu wa njia hiyo. Nchini India mwaka 1927 ilifunguliwa meli ya mafunzo ya mabaharia wa biashara iitwayo Dufferin. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, Ram Dass Katari, ndiye aliyekuwa Mhindi wa kwanza kuliongoza jeshi la wanamaji la nchi hiyo, mwaka 1958. Mlango wa namna hii ningependa kuuona ukifunguliwa kwetu kwa kanuni iliyoandikwa, ili ofisa wa meli za abiria aliyekwisha kuvuka mkondo wa Nungwi mara elfu asihesabiwe kuwa sawa na mtu ambaye hajapanda hata ngalawa.

Nimefika hapo penye kuniuma. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Hakuna kijiji cha Pemba ambacho hakikupokea msiba katika tukio la kwanza. Waliotangulia kufika kuokoa watu walikuwa pamoja na wavuvi, wenye vyombo vidogo, waliojua maji yale yangewapeleka wapi waliokuwa wakielea juu ya magodoro. Elimu ile ya mikondo haimo katika cheti chochote cha kidato cha nne. Mwenye nayo akiingia jeshini au KMKM huingia kama askari wa kawaida, na mara nyingi hustaafu hivyo, kwa sababu alianguka hesabu akiwa na miaka 17.

Sisemi hesabu zisitakiwe. Ofisa wa manowari asiyejua pembe na masafa ni hatari kuliko adui. Dira, rada na mizinga vyote hutaka hesabu na fizikia, na hapo ndipo vijana wetu wengi wanapokwama. Katika skuli zetu za vijijini somo la fizikia huweza kupita mwaka mzima bila mwalimu wake, na maabara ikawa ni chumba cha kuwekea madawati mabovu. Kisha tunashangaa orodha ya maofisa ikitoka bila majina ya Micheweni na Makunduchi, na mnong'ono unaanza kuwa tumebaguliwa. Ubaguzi ukiwepo na uthibitishwe na ushughulikiwe. Lakini tusiufanye kuwa blanketi la kufunikia skuli zisizo na walimu. Jambo hilo liko mikononi mwa Serikali yetu wenyewe hapa Unguja, wala halihitaji ruhusa ya mtu mwingine.

Kuna na jambo la kuogelea, nalitaja kwa ufupi kwa kuwa linafedhehesha. Watoto wa visiwani, hasa wa kike, wengi hukua wakiitazama bahari kila siku bila kujifunza kuogelea. Mzazi huona haya, au huona si adabu. Bahari haina habari ya haya zetu. Binti mwenye alama nzuri za sayansi anayetaka kuwa ofisa wa wanamaji asikwame kwa sababu hatukumtafutia mwalimu wa kike na pwani ya staha.

Serikali imeufanya uchumi wa buluu kuwa dira yake tangu mwaka 2020. Nchi hii ina pwani ya zaidi ya kilomita 1,400 upande wa Bara peke yake, na kwa sheria ya mwaka 1989 eneo lake la uchumi la bahari hufika maili 200. Uvuvi, gesi, meli za mizigo na watalii vyote hivyo hutaka kulindwa, na mlinzi mwenyewe hutaka miaka kumi na zaidi kabla hajaaminiwa chombo. Luteni usu anayehitajika mwaka 2040 yumo madrasani sasa hivi.

Kwa hiyo nawaomba wahusika mambo haya. Tangazo la uandikishaji lisomwe na sheha mbele ya watu, pamoja na maelezo ya milango yote, na lisemwe wazi ni ipi haigharimu senti, nayo ni yote. Sababu ya kukataliwa mwombaji, kama ni afya, umri au elimu, aambiwe mwenyewe, maana asiyeambiwa hujitungia. Askari wa KMKM na wa wanamaji walioanza chini wapewe madarasa ya jioni ya hesabu na fizikia wakiwa kazini, na umri wao uongezewe kiasi cha miaka waliyokaa baharini, ili aliyetumikia miaka minane asikute ameupita umri kwa sababu ya kutumikia. Na wale wakongwe wa mikondo, wasiofaa tena kwa gwaride, waitwe kufundisha.

Juu ya ombi la mwisho najua nitapingwa. Nimewahi kuambiwa na ofisa mmoja wa serikali, mtu mwema tu, kwamba ujuzi usio na cheti hauwezi kulipwa posho. Nilimwuliza hao waliotoa cheti cha kwanza cha bahari wao walikuwa na cheti gani. Alicheka, akaniagizia kahawa, na shauri likaishia pale.

Mzee wa Kojani alirudi wiki iliyofuata. Tulikwenda pamoja polisi kuandikisha habari ya mashine ya boti, kisha nikamsomea tangazo neno kwa neno, na kijana akaandika tarehe katika daftari lake. Atarudia mtihani wa hesabu, na maombi ya JKU atapeleka mwenyewe, bila karatasi yangu. Walipokuwa wakiondoka mzee alisimama mlangoni akaniuliza: "Na huo mkondo wa Pemba, mwanangu, alioufundishwa na mimi tangu mdogo, katika mtihani wao wanauuliza?" Nilimwambia kwamba kwa sasa hawauulizi. Swali lake nimelileta hapa, wajibu walio na mamlaka ya kulijibu.